Laini ya simu ya kuripoti matatizo ya dawa: mpokeaji aulize nini, na kwa mpangilio gani?

mratibu_laini

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa laini ya simu kwa ajili ya watumiaji wa dawa wenyewe. Mgonjwa, mzazi, au mtu anayemuuguza ndugu yake apige aeleze tatizo lililotokea baada ya kutumia dawa. Watakaopokea ni wafamasia. Fomu iliyopo ni ile inayojazwa hospitalini, kurasa mbili, na nusu yake ni majibu ya maabara. Kwa karatasi inapita, kwa simu haiendi: ukiisoma kuanzia juu, mpigaji anachoka kabla hujafika kwenye jina la dawa.

Naomba msaada kwa haya. Simu ikikatika dakika ya tatu, tuwe tumeshapata nini? Mtu akiuliza "sasa niache au niendelee kumeza?" ajibiwe nini? Vidonge vilivyobadilika rangi na dawa za maji zilizoganda navyo viingie humu humu? Na kuna hoja mezani kwamba tupokee tu taarifa zilizothibitishwa na daktari. Mnaionaje?

kaunta_ya_usiku

Mkuu, swali la kwanza baada ya salamu lisiwe jina wala umri. Liwe: "Aliyepata tatizo yuko wapi, na anaendeleaje sasa hivi?" Laini ya namna hii si ya dharura, lakini mpigaji hajui hilo. Atapiga namba hiyo hiyo mtoto akiwa anavimba midomo.

Mpokeaji awe na orodha fupi mbele yake. Akisikia kimojawapo, mahojiano yasimame na mgonjwa aelekezwe hospitali: kupumua kwa shida, kuvimba uso, midomo au ulimi, kuzimia, degedege, macho kuwa ya manjano, kutapika damu, choo cheusi kama lami, ngozi yenye malengelenge au inayobanduka, hasa kukiwa na vidonda mdomoni au machoni. Hilo la ngozi watu hulichukulia kama aleji ya kawaida, wanapiga wakitaka kuelekezwa mafuta ya kupaka. Kwa aliyeanza karibuni kotrimoksazoli, nevirapini, karbamazepini, fenitoini au alopurinoli, ni jambo la kwenda hospitali saa hiyo hiyo.

Aliyezidisha dozi naye ni wa dharura hata kama anaongea vizuri. Parasetamoli ndiyo inayodanganya kuliko zote. Siku ya kwanza mtu anaweza asijisikie chochote zaidi ya kichefuchefu, kumbe ini limeshaanza kuharibika, na tiba yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu kumeza. Asijitapishe. Aende, na pakiti aibebe. Chukua namba yake, mahojiano yatafanyika kesho.

Ukishajua hakuna dharura, vitu vinne ndivyo vinavyoifanya taarifa ihesabike, na ni vile vile karibu kila nchi: mgonjwa anayetambulika (herufi za mwanzo za jina, umri au jinsia, hata kimoja kinatosha), mtoa taarifa anayepatikana, dawa inayoshukiwa, na tukio lenyewe. Hivyo ndivyo vya dakika tatu. Namba ya kumpigia ichukuliwe mapema kabisa. Simu ikikatika nawe huna namba, huna kitu.

tarehe_mbili

Naongezea hapo. Vitu vinne vinafungua faili tu. Kwa atakayeichambua, taarifa yenye vinne bila tarehe ni sawa na barua isiyo na anwani. Mimi naweka tarehe mbili mbele ya kila kitu: siku dawa ilipoanza na siku tatizo lilipoanza. Kama zipo, na nyingine mbili: dawa ilipoachwa, tatizo lilipoisha.

Kila dhara lina saa yake. Mzio mkali wa penisilini mara nyingi hujitokeza ndani ya saa moja. Kubanduka ngozi alikokutaja mkuu hapo juu kwa kawaida huja kati ya siku ya 4 na ya 28 tangu dawa mpya ianze. Kikohozi kikavu cha enalaprili (dawa ya presha) na dawa za kundi lake kinaweza kuchelewa wiki kadhaa au hata miezi, na mtu akiacha dawa huchukua wiki 1 hadi 4 kuisha, wakati mwingine zaidi. Mpigaji anayesema "niliacha siku mbili, bado nakohoa, kwa hiyo si dawa" amekosea hesabu, na mpokeaji asiyeijua saa ya dhara atakosea pamoja naye.

Ila tarehe haipatikani kwa kuuliza tarehe. "Ulianza lini?" hujibiwa "kitambo kidogo". Pitia kwenye vidonge: pakiti ilikuwa na vingapi, unameza vingapi kwa siku, vimebaki vingapi? Pakiti ya 28, kimoja kila asubuhi, vimebaki 9 na cha leo ameshameza: hii ni siku ya 19. Akisema "ila siku mbili tatu nilisahau", andika hivyo hivyo. Na tarehe ya kukadiria iandikwe kuwa ni kadirio. Kuna ugonjwa wa kujaza "tarehe 1" kwa sababu sanduku la kompyuta linadai siku. Baadaye mchambuzi anaona dhara limeanza kabla dawa haijamezwa, anaitupa taarifa nzuri.

Maelezo yanayotosha huwa kama haya:

"Mwanamke, miaka 46, anaripoti mwenyewe. Enalaprili 10 mg, kidonge 1 asubuhi, kwa shinikizo la juu la damu, tangu 3 Machi. Kikohozi kikavu tangu 20 Machi hivi (kadirio), kikali zaidi usiku. Hana homa, hana makohozi, havuti sigara. Daktari alimbadilishia dawa 14 Aprili. Kilianza kupungua baada ya wiki moja, kiliisha 5 Mei. Dawa nyingine: hidroklorothiazidi 25 mg tangu mwaka jana, anaendelea nayo. Enalaprili hajairudia. Maneno yake: 'Kinanikwaruza kooni, lakini hakitoi kitu.'"

Hakuna mahali palipoandikwa "kimesababishwa na". Mpokeaji hahukumu. Wachambuzi wana ngazi sita za Shirika la Afya Duniani za kupima kama dawa ndiyo iliyosababisha tatizo, na ile ya juu kabisa, "hakika", hufikiwa kwa nadra. Kushuku kunatosha kuripoti.

msikilizaji_makini

Mimi nikae kwenye maneno, maana hapo ndipo fomu nyingi hufia.

Fomu ina sanduku la "kizunguzungu". Mpigaji akisema ana kizunguzungu anaweza kumaanisha nyumba inazunguka, au anaona giza akiinuka, au ameishiwa nguvu tu. Ni mambo matatu. Swali la kuyatenganisha: "Ukiwa umelala umetulia kinakuja, au mpaka uinuke?" Cha kuinuka mara nyingi ni presha inayoshuka, jambo la kawaida kwa dawa za presha zenyewe na dawa za kukojoza. Lakini aliyemaliza sindano za gentamisini (antibiotiki) akawa anayumba gizani kama mlevi ni habari nyingine kabisa. Hapo sikio la ndani linaweza kuwa limeumia, na huenda lisipone. Ukiandika "kizunguzungu" kwa wote wawili umewafanya ndugu watu wasiojuana.

"Presha" nayo ni mtego. "Dawa imenipandisha presha": ilipimwa, na mashine ilisoma ngapi? Au ni moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka? "Mwili unachemka": kipimajoto kilisema ngapi, au ni joto analolisikia ndani wakati aliyemgusa haoni kitu? "Nimevimba miguu": mmoja au yote miwili, na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki? Miguu yote miwili kwa mtu wa amlodipini (dawa ya presha) ni kitu kinachojulikana. Mmoja tu, unaouma, kwa mwanamke wa vidonge vya uzazi wa mpango, mrudishe kwenye orodha ya dharura haraka, huenda ni damu iliyoganda.

Andika kwanza maneno yake kama yalivyotoka, tafsiri yako ikae pembeni. Na usimsomee orodha ya madhara kutoka kwenye karatasi ya ndani ya pakiti. Ukiuliza "Ulipata kichefuchefu? Kichwa? Ulikosa usingizi?" atakupa "ndiyo" mbili tatu za heshima. Uliza "Kingine?", kisha nyamaza. Kimya cha simuni kinawatisha wapokeaji wapya, wanakijaza maswali, na lile jambo alilokuwa anajikaza kulisema (mara nyingi la chumbani) linarudi tumboni.

Dawa nyingine: "Unatumia dawa nyingine yoyote?" hujibiwa "hapana" na mtu mwenye kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, matone ya macho mezani na chupa ya mitishamba kabatini. Hivyo vyote havihesabu kuwa dawa. Uliza kwa njia ya kuingilia mwilini: unachomeza, unachokunywa, unachopaka, unachodondoshea, unachovuta, unachodungwa, ulichowekewa chini ya ngozi. Matone ya timololi yanaweza kumbana kifua mwenye pumu, naye hatayataja kamwe, "ni ya macho tu yale".

mratibu_laini

Shukrani sana wakuu. Hesabu ya vidonge vilivyobaki naiingiza kwenye fomu leo leo. Yamebaki la "niache?", la dawa zilizoharibika, na lile la uthibitisho wa daktari.

kaunta_ya_usiku

La "niache?" halina jibu moja, na "kamuone daktari" peke yake ni kumfukuza mtu kwa adabu. Mpokeaji awe na mafungu matatu kichwani.

Dalili za hatari nilizotaja: asimeze dozi inayofuata, aende kituo cha afya sasa.

Dawa zisizoachwa ghafla: prednisoloni iliyotumika zaidi ya wiki 3, dawa za kifafa, atenololi na propranololi, klonidini, diazepamu ya muda mrefu. Hapa mwambie wazi kwamba kuacha ghafla kunaweza kumletea tatizo kubwa kuliko analolilalamikia, aendelee huku akiwasiliana na aliyemwandikia, leo au kesho, si kliniki ya mwezi ujao. Dawa za kifua kikuu na za VVU ziweke fungu hili pia, kwa sababu nyingine: ukizimezameza na kuziacha, vijidudu vinakuwa sugu.

Fungu la tatu ni maudhi madogo madogo yanayojulikana. Mtu wa rifampisini (dawa ya kifua kikuu) anapiga akitetemeka: mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa, anadhani ni damu. Ni rangi ya dawa, hutoka hata kwenye jasho na machozi, na inaweza kubadilisha rangi ya lenzi za macho. Dakika moja ya kumweleza inaokoa matibabu ya miezi 6. Taarifa rasmi mimi sitaiandika.

tarehe_mbili

Hapo mkuu tunatofautiana. Iandikwe, hata mstari mmoja. Mpokeaji akianza kuchagua kipi "kinajulikana" na kipi hakijulikani, kesho ataiacha ya mtu aliyesema mkojo mwekundu kumbe ni damu kweli. Muulize kwanza: ni rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho wa kukojoa, kuna mabonge, kuna maumivu, yuko kwenye warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda)?

Na huyo huyo wa rifampisini, kama ni mwanamke, muulize njia ya uzazi wa mpango. Rifampisini huvunja nguvu ya vidonge na kijiti. Mimba iliyopatikana hivyo ni taarifa kamili. Watu wanasahau kwamba "dawa haikufanya kazi" nalo ni tatizo la dawa.

stoo_na_toleo

Dawa zilizoharibika ziingie laini hiyo hiyo, mwananchi hawezi kukariri namba tatu. Ila zigawanywe ndani: dhara la dawa, kasoro ya dawa yenyewe, na kosa la matumizi. Simu moja inaweza kuwa na yote.

Kwa kasoro, namba ya toleo ndiyo kila kitu. Bila hiyo mamlaka ya dawa haiwezi kuondoa shehena sokoni, maana haijui ni ipi. Mpigaji haijui kwa jina hilo, kwa hiyo mwongoze macho: "Tafuta herufi LOT, BN au B.No, mara nyingi ziko karibu na tarehe ya kuisha muda." Kwenye boksi huwa upande wa kufungulia. Kwenye karatasi ya vidonge imegandamizwa ukingoni bila wino, aishike kwa kuinamisha kwenye mwanga. Kwenye tyubu iko pale ilipobanwa mwishoni. Tatizo kubwa ni vidonge vilivyokatwa kwa mkasi: ukingo wenye namba umebaki kwa muuzaji, mgonjwa ana vipande vya katikati. Hapo andika mahali alipovipata na siku aliyovinunua, namba itafuatwa huko. Ukiipata, isomwe herufi kwa herufi na wewe umrudishie. Sifuri na O, 1 na I, 5 na S ndizo zinazoharibu. Na namba ya boksi ilinganishwe na ya karatasi ya ndani. Zisipofanana, inaweza kuwa dawa bandia.

Kisha tenga kasoro na mabadiliko ya kawaida. Kidonge kilichokuwa cheupe sasa cha njano, karatasi ina jina la mtengenezaji mwingine: dawa ni ile ile, kampuni imebadilika. Hata hivyo mwambie asome jina la kiambato na miligramu akiwa simuni, maana hapo hapo ndipo wanaopewa dawa nyingine kabisa kwa kosa hugunduliwa. Aspirini inayonuka siki imeanza kuoza, unyevu umeingia. Insulini ya ukungu ni ya ukungu kwa asili yake, lakini ikiwa na mabonge yasiyoisha baada ya kuzungushwa taratibu, au utando kama barafu kwenye kuta za chupa, imeharibika. Ile inayotakiwa kuwa angavu kama maji ikipata ukungu, isitumike.

Sampuli isitupwe, isihamishiwe chupa nyingine, isirudishwe dukani. Ifungwe kwenye mfuko safi ikiwa ndani ya chombo chake, ikae ilipokuwa inahifadhiwa. Ya friji ikae friji.

Kosa la matumizi linahitaji swali moja la kuona kwa macho: "Unampimia na nini?" Mtoto ameandikiwa 0.5 ml, bomba la sindano lina mistari, mzazi amesoma 5. Hiyo ni mara kumi. Kijiko cha dawa ni 5 ml, lakini vijiko vya jikoni havilingani. Simu za namna hii huanza na "dawa inamlewesha mtoto" na mpokeaji anakimbilia kujaza dhara la dawa.

Na lingine lisisubiri uchambuzi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji za watoto zilizokutwa Gambia zikiwa na daithilini glaikoli na ethilini glaikoli, sumu zinazoua figo. Mzazi akisema mtoto anakunywa dawa ya kikohozi au ya homa na hajakojoa tangu jana, huyo ni wa hospitali sasa hivi, na namba ya toleo iwafikie mamlaka siku hiyo hiyo kwa simu, si kwa fomu.

tarehe_mbili

La uthibitisho wa daktari, mkuu, lipinge. Uingereza ilianza Kadi ya Njano, mfumo wake wa kuripoti madhara ya dawa, mwaka 1964 ikiwa ya madaktari, mwaka 2005 ikafunguliwa kwa wananchi nchi nzima. Umoja wa Ulaya uliwapa wagonjwa wa nchi zake zote haki ya kuripoti wenyewe kwa sheria iliyoanza kutumika 2012. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufuatilia madhara ya dawa, ulioanza 1968 na nchi 10, unapokea taarifa za watumiaji kwenye hazina yake ya taarifa iliyoko Uppsala, Sweden. Zinabeba alama ya nani ametoa taarifa, basi. Mchambuzi anazipima akijua.

Ukidai daktari, unawapoteza hasa wale unaowatafuta: aliyeacha dawa kimya kimya hana daktari wa kumthibitishia. Badala yake omba ruhusa ya kuwasiliana na daktari wake. Akikataa, taarifa inabaki taarifa. Jina na namba ya simu vikae kwenye rejista yenu, faili inayotoka nje iwe na umri, jinsia na herufi za mwanzo tu. Mwambie hivyo kabla hujauliza, pamoja na kwamba simu inarekodiwa kama inarekodiwa.

Tatizo la kweli la kupokea kote ni marudio: mgonjwa amepiga, daktari amejaza, tukio ni moja likahesabiwa mawili. Muulize "kuna mwingine amesharipoti hili?", na kabla ya kutuma linganisha umri, jinsia, dawa na tarehe. Ukikuta zinazofanana usifute moja. Ziunganishe, kwa sababu ya daktari ina maabara na ya mgonjwa ina tarehe.

mratibu_laini

Nimeelewa vizuri kabisa. La mwisho: usiku na siku za mapumziko hakuna mpokeaji. Ujumbe wa kujirekodi usemeje?

kaunta_ya_usiku

Usizidi nusu dakika, na dharura itangulie hata salamu, kwa sababu nusu ya watu hukata wakisikia mashine. Namba irudiwe mara mbili, la sivyo kila asubuhi mtakuwa mnabahatisha tarakimu ya mwisho. Kama hivi:

"Kama mtu anashindwa kupumua, amevimba uso, amezimia, ana degedege au amezidisha dawa, kata simu hii, nenda hospitali sasa. Kama si hivyo, baada ya mlio taja namba yako ya simu polepole, mara mbili, kisha jina la dawa. Usitupe pakiti. Tutakupigia siku ya kazi inayofuata."